Nuru ya Dirishani: Paka wa Mlandege na Historia ya Picha za Nyumbani

Katika mji wa Unguja, mtu wa Ng'ambo aliyetaka sura yake ihifadhiwe alikuwa hana budi kuvuka. Kati ya Mji Mkongwe na upande wa pili palikuwa na hori la bahari, na juu ya hori hilo daraja, ambalo jina lake limebaki Darajani hata baada ya maji kufukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 na barabara kupita palipokuwa pakielea ngalawa. Mlandege ni miongoni mwa mitaa ya kwanza aipitayo mtu akitoka Darajani kuelekea Ng'ambo. Wapiga picha wenye majumba ya kazi walikaa katika mji wa mawe. Kwa hiyo mtu wa Mlandege alivaa nguo zake za sikukuu, akavuka, akaketi mbele ya pazia lililochorwa, akatazama alikoambiwa atazame, kisha akarudi kwake kungoja karatasi. Nuru ilikuwa kule, naye aliifuata.

Paka hafuati. Mnyama huyu, ambaye hapana mtaa wa Unguja usiokuwa naye, ameshikamana na mahali kuliko alivyoshikamana na mtu, na mwenye kumtia kikapuni amvushe barabara atafika na kikapu kitupu, au na mikono iliyochanwa. Jina la Mlandege lenyewe, likitamkwa polepole, husikika kama sifa yake. Lakini huyo mla ndege huwala ndege katika ua wake, na hulala katika chumba chake, na mwenye kutaka picha yake sharti aende chumbani na kuichukua nuru pamoja naye. Hapo ndipo historia ya picha za wanyama wa nyumbani ilipofarikiana na historia ya picha za watu. Mtu alipelekwa kwenye nuru. Mnyama alitaka apelekewe. Na kwa kuwa nuru ni kitu kizito kuchukulika, na vyumba vya Ng'ambo vilikuwa vidogo na vyenye giza, muda mrefu ulipita kabla jambo hilo halijawa jepesi.

Ufundi wa picha ulifika mapema katika pwani hii. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyetumwa kuichunguza pwani ya Afrika ya Mashariki kati ya miaka 1846 na 1848, alikuja na vyombo vya kupigia picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke, alipiga picha katika mji wa Unguja kabla ya safari yao ya bara. Huo ulikuwa ufundi wa watu wenye subira. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa katika kamera lingali bichi, jicho la kamera likafunguliwa kwa kitambo cha kuhesabu sekunde kadhaa, na katika kitambo hicho yeyote aliyetikisika aligeuka ukungu. Katika majumba ya picha palikuwa na chuma cha kumshikiza mtu kisogo ili kichwa kisicheze, na ndiyo sababu wazee wa picha za zamani wana nyuso kavu kama watu waliokwisha kukasirika.

Chuma hicho hakikumfaa mnyama. Mbwa wa picha za Ulaya za miaka ile aghalabu ana mwili mzuri na kichwa cha moshi. Farasi ana miguu minne na hana mkia. Walioweza kupigwa vyema ni waliolala, na waliokufa. Katika miaka ya 1870 mtu mmoja wa Brighton, Uingereza, aitwaye Harry Pointer, alipata umaarufu kwa kuuza picha ndogo za paka waliokaa vitini na kujifanya watu, nao watu walishangaa si kwa mzaha wake tu, bali kwa sababu walijua ni taabu gani kumfanya paka atulie mbele ya kamera ya wakati ule. Baada ya hapo vikaja vioo vikavu, vyenye dawa iliyochanganywa na jelatini, ambavyo Richard Leach Maddox alivianzilishia njia mwaka 1871, na muda wa kulifungua jicho la kamera ukapungua kutoka sekunde hata kuwa sehemu ndogo ya sekunde. Yaani ukapungua nje, juani. Ndani ya nyumba mambo yalibaki mengine.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Unguja hawakuwa na mapenzi na wanyama wao. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na ambaye kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anaueleza ua wa jumba lile kuwa umejaa wanyama na ndege waliokwenda huria: paa, tausi, kanga, korongo wekundu wa majini, mabata na mbuni, na watoto wa jumba wakicheza katikati yao. Ni maelezo ya mtu anayemkumbuka kila mmoja kwa mwendo wake. Picha za Sayyida Salme mwenyewe zinajulikana sana, naye amevaa mavazi ya kwao. Lakini zilipigwa Hamburg, mbele ya ukuta wa mpiga picha, na katika picha hizo hapana tausi wala paa. Wanyama wa Mtoni wamehifadhiwa kwa maneno. Mtoto wa jumba la mfalme alikuwa na nafasi, ua mpana na jua la kutosha, na hata hivyo ufundi wa siku zake haukumfaa; seuze mtu wa chumba kimoja.

Chumba hicho chahitaji kuelezwa, maana mambo yote yamo humo. Nyumba ya Ng'ambo ya zamani ilijengwa kwa fito na udongo, ikaezekwa makuti, na baadaye mabati. Mbele ina baraza. Mlango waingia katika ukumbi mrefu unaopasua nyumba hata uani, na vyumba viko kuume na kushoto. Madirisha ni madogo, kwa sababu njema: jua la Unguja ni kali, mwizi hupenda dirisha, na wanawake wa nyumba hawataki kutazamwa na kila apitaye. Nyumba kama hii ni baridi na ina stara. Lakini nuru iingiayo ni kidogo mno. Mchana wa jua kali, mwanga wa nje huweza kuwa mara 1,000 ya ule ulio katika pembe ya chumba chenye dirisha dogo. Hesabu yake si ngumu: kamera iliyotosheka na sehemu moja ya 500 ya sekunde uwanjani, ikiingizwa katika pembe ile bila kubadilishwa kitu, itataka sekunde 2 kamili. Katika sekunde 2 paka huweza kupiga miayo, kujilamba, kuondoka na kurudi.

Jicho la mwanadamu halioni tofauti hiyo, maana hujirekebisha lenyewe bila kumwarifu mwenyewe. Mtu huingia kutoka juani, akapepesa kidogo, kisha akaona kila kitu na kusema chumba kina mwanga. Kamera haina adabu ya namna hiyo. Na usiku ulikuwa wa kibatari au kandili, na kwa mwenye uwezo au siku ya harusi karabai. Taa za kumwezesha mtu kuona alipoweka kikombe, wala si za kumchora mnyama mweusi juu ya mkeka.

Kulikuwa na njia moja ya kuipeleka nuru mahali isipokuwapo, nayo ilizaliwa Berlin mwaka 1887, wakati Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walipouchanganya unga wa magnesiamu na dawa nyingine hata ukawa unawaka kwa ghafla kama radi. Ajabu ya historia ni kwamba mahali ambapo unga huo ulijipatia sifa kubwa kwa picha za wanyama si mji wowote wa Ulaya, bali ni bara iliyo mkabala wa Unguja. Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nchi za Kilimanjaro na Wamasai, akiwa na wapagazi waliobeba kamera, vioo, na unga wa kuwasha. Alimfunga ng'ombe au punda karibu na maji, akatega nyuzi, akaziunganisha na kamera. Simba alipokuja usiku kumrukia yule mnyama, unga ukalipuka, na giza lote likageuka mchana kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, nacho kiliwaonyesha watu wa Ulaya simba wa usiku, fisi na wengineo jinsi walivyo, wala si jinsi wachoraji walivyowadhania.

Picha hizo zimesifiwa sana, na kwa haki. Ila msomaji wa leo hawezi kumtazama yule punda aliyefungwa bila kuona kwamba naye alikuwa mnyama wa nyumbani, na kwamba katika picha hizo maarufu amewekwa kuwa chambo. Nuru ilibebwa vichwani mwa watu safari ya majuma mengi ili imfikie simba. Umbali wa Darajani hata Mlandege ni mwendo wa dakika chache, na hapana aliyekusanya wapagazi kwa ajili ya paka.

Na hata angalikusanya, unga ule haukuwa mgeni wa kukaribishwa katika nyumba ndogo. Ulitoa mlipuko, cheche na moshi mweupe mzito. Katika ukumbi mrefu wa wageni moshi ulipanda juu ukaning'inia. Katika chumba cha dhiraa chache chini ya paa la makuti ungaliwatoa wote nje, kama si kuliwasha paa lenyewe. Mtaa mzima wa makuti ulikuwa ukiishi kwa hofu ya moto. Yamkini mnyama aliyepigwa picha moja kwa njia hiyo asingeonekana tena nyumbani hata magharibi ya siku ya tatu.

Wakati huo, upande wa pili wa daraja, kazi ya picha ilistawi. Majina ya A. C. Gomes, ya J. P. Fernandes na ya Pereira de Lord yamo chini ya picha na postikadi nyingi za Unguja za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza baada yake, na humo zimehifadhiwa sura za masultani, za harusi, za askari, na za watu wasio na cheo waliotaka tu kuonekana siku moja wakiwa wamependeza. Mafundi hawa walijua nuru. Walijua kuifunika kwa pazia jeupe ili ilainike, kuiacha ije kutoka ubavuni ili pua na shavu vipate umbo, na kuweka kitu cheupe upande wa pili ili kivuli kisiwe shimo. Ujuzi huo haukuwa siri ya uchawi. Lakini ulikaa mahali pamoja, pamoja na madirisha yake na mapazia yake, na mwenye kuutaka aliujia.

Matokeo yake yaonekana kwa mtu anayezifunua postikadi hizo. Ataona Beit al-Ajaib, bandari, milango ya nakshi, soko, wachukuzi, na mitaa ya Ng'ambo kutoka nje: paa za makuti, minazi, mtu amesimama njiani. Vyumba vya ndani vya Ng'ambo ni adimu mno. Kitanda cha kamba, mkeka, chungu, kandili, na paka aliyelala juu ya kanga iliyokunjwa, mambo ambayo yalikuwa maisha yenyewe ya maelfu ya watu, yamepita pasipo shahidi. Ni hasara ambayo haikuletwa na dharau peke yake. Sehemu kubwa ililetwa na giza.

Palikuwa na jambo jingine, nalo haifai kulipita kwa haraka, maana katika nyumba za Kiislamu lilikuwa na uzito na bado linao. Paka ana heshima katika mafundisho ya dini: Mtume alifundisha kwamba si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaozunguka-zunguka majumbani mwa watu, na sahaba Abu Huraira ameitwa kwa jina la kipaka. Mbwa, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wa Unguja huyafuata, mate yake ni najisi ya kuoshwa mara saba, na kwa sababu hiyo hakai ndani. Lakini mafundisho hayo hayo yamekataza taswira za vyenye roho, na hadithi mashuhuri yasema kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au taswira. Basi paka aliruhusiwa mlangoni; picha ya paka ilitiliwa shaka.

Wanavyuoni walilijadili jambo hili kwa bidii. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hata 1920, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera, akiona kwamba mwenye kamera haumbi kitu, bali hukizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, kama vile kioo kizuiavyo sura ya anayejitazama. Wengine hawakukubali, na wengine walikubali kwa haja tu, kama vile cheti cha safari. Katika majumba mengi suluhu ilipatikana kwa desturi kuliko kwa fatwa: ukutani ikatundikwa picha ya Makka, na picha za jamaa zikakaa katika albamu, ndani ya kabati, zikitolewa mgeni wa karibu ajapo. Ilimradi picha ya paka haikuwa haja, na wala haikuwa na cheti cha kuiombea. Mtu aliyelipa fedha yake kwa mpiga picha aliilipa kwa ajili ya mtoto au mama. Hilo nalo ni haki yake.

Umeme ulibadilisha mambo, ingawa si kwa wakati mmoja kwa watu wote. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, lilikuwa jumba la kwanza la Unguja kuwa na taa za umeme, na hiyo ni sababu moja ya jina lake. Mitaa ya Ng'ambo ilingoja zaidi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ilianza kujenga majumba marefu ya Michenzani, jirani na Mlandege, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na watu waliotoka katika nyumba za udongo wakapata vyumba vyenye madirisha mapana kuliko waliyoyazoea. Mwaka 1980 waya wa chini ya bahari uliletwa kutoka bara. Ulipoharibika, kisiwa kizima kilikaa bila umeme tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, na kwa miezi hiyo mitatu kandili na mishumaa vilirudi katika vyumba ambavyo watoto wake hawakuwa wamewahi kuviona vikiwaka kila usiku.

Huko nje, mafundi walikuwa wamekwisha kuuacha unga. Globu ya kuwaka mara moja ilitoka Ujerumani mwaka 1929, haina moshi wala cheche. Na kuanzia mwaka 1931 Harold Edgerton wa Marekani alitengeneza taa ya umeme iwezayo kuwaka na kuzimika kwa kitambo kifupi mno, mara nyingi, bila kubadilishwa. Kwa taa za namna hiyo Walter Chandoha, aliyemwokota paka mmoja katika theluji ya New York mwaka 1949 na kumpa jina la Loco, alifanya picha za paka kuwa kazi ya maisha yake hata alipofariki mwaka 2019. Alipenda kuweka taa moja nyuma ya mnyama ili ncha za manyoya zing'ae, na nyingine mbele kwa upole. Kazi yake nyingi aliifanya nyumbani kwake, na watoto wake wakimsaidia.

Walakini taa ya ghafla iliyofungwa juu ya kamera, ambayo ndiyo watu wa kawaida waliipata, si rafiki wa paka. Nyuma ya jicho la mnyama huyu mna utando unaorudisha nuru, ambao humsaidia kuona usiku. Taa ikimpiga uso kwa uso, utando huo huirudisha nuru yote kwa mpigaji, na picha hutoka na mwili wa paka na macho ya shetani wa kijani. Mafundi huiepa aibu hiyo kwa kuielekeza taa juu, ipige dari jeupe na kushuka ikiwa imelainika. Ushauri huo ni mwema kwa mwenye dari. Katika nyumba nyingi za Mlandege juu kuna bati na boriti, na bati lenye kutu huinywa nuru kama mchanga unywavyo maji.

Kwa hiyo kilichoifungulia milango nyumba ndogo hakikuwa taa kubwa zaidi, bali kamera inayotosheka na nuru kidogo: simu ya mkononi. Katika miaka hii ya karne ya 21 simu imeingia mahali ambapo mpiga picha hakuingia kamwe, yaani chumbani, na ilipoingia, wa kwanza kupigwa baada ya watoto alikuwa paka. Hapo ujuzi wa mafundi wa mji wa mawe ukaanza kugunduliwa upya na watu ambao hawakuwahi kufunzwa, maana kamera, hata ikiwa na akili ya namna gani, bado yategemea dirisha.

Dirisha la Unguja lina tabia zake. Vitabu vya Ulaya humshauri mpiga picha achague dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii humo na nuru yake ni tulivu mwaka mzima. Mwenye kuufuata ushauri huo Mlandege atapotea nusu ya mwaka. Unguja iko kiasi cha digrii 6 kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema katika Oktoba. Tangu Machi hata Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kisha huhamia kusini. Basi dirisha tulivu la mwezi wa Juni ni lile la kusini, na la Disemba ni la kaskazini, na paka, ambaye hana kitabu, huhama pamoja na jua. Mwenye nyumba anayetaka kujua nuru ilipo na amtazame alipolala asubuhi. Ila paka huutafuta mwale wenyewe wa jua kwa ajili ya joto, na mwale huo ni mkali mno kwa picha: nusu ya uso huungua kwa weupe na nusu huzama. Picha nzuri iko pembeni mwa mwale, dhiraa moja au mbili, mahali ambapo nuru imekwisha kupiga sakafu na kupanda tena.

Hapo udogo wa chumba, ambao ulikuwa adui, hugeuka msaada. Kuta zilizopakwa chokaa zikiwa karibu, nuru ya dirisha moja hupiga ukuta wa mkabala na kurudi upande wenye kivuli, kama katika chumba cha fundi. Penye ukuta wa rangi, shuka nyeupe iliyotundikwa kitini yatosha, au kanzu, au sinia la bati lililosuguliwa vizuri. Lakini ukuta wa kijani, rangi ipendwayo sana, humpa paka mweupe tumbo la kijani, na mwenyewe asijue kosa limetoka wapi. Taa ya umeme ikiachwa ikiwaka mchana huharibu kwa namna nyingine, maana nuru ya globu ya zamani ina wekundu na ya dirisha ina ubuluu, na mnyama hutoka na mashavu mawili ya mataifa mbalimbali. Heri kuizima.

Paka mweusi ni mtihani wa peke yake. Kamera hudhani ya kuwa kila kitu ni cha weusi wa kadiri. Ikimwona mweusi huongeza nuru hata awe kijivu cha majivu, na ikimwona mweupe huipunguza hata aonekane amegaagaa jivuni. Mpigaji hana budi kuikanusha: ampunguzie mweusi, amwongezee mweupe. Na manyoya meusi huonekana tu pale yanapong'aa, basi dirisha liwe ubavuni au nyuma kidogo, mkondo wa nuru ufuate mgongo wake kuanzia shingoni. Mboni nazo zina neno lake: katika giza hupanuka hata jicho likawa jeusi tupu, na katika mwanga mkali huwa uzi. Kati ya hayo mawili ndipo rangi ya jicho huonekana, nayo ni nuru ya saa tatu hivi za asubuhi, shibe ya dagaa ikiwa imekwisha kumpata na usingizi haujamchukua. Kitambo hicho ni kifupi. Alfajiri na magharibi, anapokuwa mchangamfu kuliko saa zote, nuru haitoshi. Na adhuhuri, inapotosha, amelala.

Picha za namna hii sasa ni nyingi, na wenyewe huzipiga kwa kumpenda mnyama wao, wala hawana habari za historia. Lakini nyuma ya paka hubaki vitu vingine ambavyo hapana aliyevikusudia: mguu wa kitanda na tofali lililouinua, ncha ya kanga na nusu ya jina lake, kopo la maziwa lililogeuzwa chombo cha maua, soketi ya umeme iliyochomoka ukutani. Chumba cha Ng'ambo, kilichokosekana katika postikadi zote za zamani, kimeingia katika picha kwa kumfuata paka. Na picha ikipigwa kwa karibu, nuru ya dirishani huacha nukta nyeupe katika jicho la mnyama, ambayo mafundi huitaka ili jicho lisionekane limekufa. Nukta hiyo ikikuzwa si nukta tena: ni dirisha lenyewe, dogo kuliko punje ya mtama, na nondo zake nne zimesimama, na mbele ya nondo kivuli cha mtu aliyechuchumaa juu ya mkeka, mikono yote miwili imeishika simu.